Kijitabu cha Jina Perković: Tathmini ya Huduma ya Asili ya Majina Jijini Kisumu

Duka moja la uchapaji katikati ya jiji la Kisumu, linalojulikana zaidi kwa kadi za harusi, vipeperushi vya mazishi na fulana za wagombea, limeanza kuuza huduma ambayo ni nadra kuipata Magharibi mwa Kenya. Mteja hupeleka jina la ukoo, liwe la hapa kwetu au la ughaibuni, na duka humtengenezea kijitabu cha kurasa kumi na mbili kinachoeleza asili na maana ya jina hilo, pamoja na fremu ya kutundika ukutani endapo ataitaka. Kijitabu peke yake ni shilingi 2,500, na pamoja na fremu ni shilingi 4,800, malipo kwa M-Pesa. Nilivinunua vyote viwili viwe zawadi ya ubatizo wa mtoto wa mpwa wangu. Mpwa wangu ameolewa na Mkroatia, kwa hiyo mtoto, ambaye bibi yake amemwita Achieng' kwa kuwa alizaliwa jua likiwa utosini, anaandikwa katika vyeti vya huko kwa jina la ukoo la baba yake, Perković. Duka lenyewe sitalitaja, kwa sababu baadhi ya makosa nitakayoyaeleza wameahidi kuyarekebisha na ni haki wapewe nafasi ya kufanya hivyo.

Kijitabu kina sehemu mbili zisizolingana kwa ubora. Kinapoeleza maana ya jina, ni kazi nzuri kuliko nilivyotarajia kutoka duka la fulana. Kinapovuka mpaka huo na kuanza kueleza ukoo, yaani babu mmoja, kijiji kimoja na ngao moja (nembo ya familia), kinauza kitu ambacho jina la namna hii haliwezi kukitoa, hata likichunguzwa na nani.

Ukurasa wa tatu ndio wenye thamani kubwa zaidi. Jina limegawanywa katika vipande vitatu na kila kipande kimeelezwa kwa utulivu. Mzizi wake ni Petar, umbo la Kikroatia la jina la Mtume Petro, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe au mwamba. Wakroatia, kama sisi, hawana subira ya kumwita mtu wa nyumbani kwa jina lake lote. Petar hukatwa likawa Pero, kisha huongezewa -ko, kiambishi cha kudekeza, likawa Perko. Hapo ndipo jina la ukoo lilipochipuka. Halikutoka kwa Petar anayetajwa na kasisi madhabahuni. Lilitoka kwa Perko anayeitwa na mama yake na majirani. Baada ya hapo kinakuja kiambishi -ov, kinachofanya kazi ya umilikaji kama kihusishi chetu cha -a, kwa hiyo Perkov ni "wa Perko". Ukiishia hapo tayari una jina kamili la ukoo, na majina ya umbo hilo yapo Dalmatia, yaani kwenye pwani ya Kroatia. Wengi zaidi waliongeza -ić, ambayo asili yake ni hali ya udogo, ile ile tunayowakaririsha wanafunzi wa shule za msingi katika kitoto, kijibwa na kijitabu. Perković, kwa hiyo, ni mdogo wa Perko, mtoto wake au mtu yeyote wa nyumba yake. Kijitabu hakikusahau hata kanuni ndogo ya sauti: mzizi ukiishia kwa konsonanti laini, -ov hugeuka kuwa -ev, ndiyo maana kutokana na kovač, mhunzi, likapatikana Kovačević.

Mwandishi wa kijitabu, ambaye bila shaka ni mtu wa huku, hakumtafutia msomaji mifano ya mbali. Amemwekea wuod na nyar za Wajaluo, arap ya Wakalenjin, wa ya Wakikuyu na bin ya Waswahili wa pwani, kisha akaonyesha kwamba yote yanafanya kazi ile ile ya -ović, isipokuwa kwamba yetu hutangulia jina la baba nayo ya Wakroatia hufuata. Mfano wa arap unakaribia zaidi kuliko yeye mwenyewe alivyoeleza. Mwana wa Kiprono huitwa arap Rono, na mwana wa Kipkoech huitwa arap Koech. Jina la baba hupunguzwa kwanza ndipo lirithishwe, kama Petar alivyopunguzwa kuwa Perko kabla ya kuzaa Perković. Ningelikuwa mhariri wake ningemwambia aufanye mfano huo kuwa uti wa ukurasa mzima, kwa sababu msomaji wa Nakuru au Eldoret angeelewa mara moja jambo ambalo maelezo ya sarufi humchukua muda kulielewa.

Baada ya kazi nzuri kiasi hicho, inashangaza kwamba fremu imeandikwa kwa herufi za dhahabu "Mwana wa Kiume wa Petro", ilhali zawadi ni ya msichana na duka liliambiwa hivyo tangu siku ya kuagiza. Dada yangu, bibi ya mtoto, aliitazama akauliza ni lini mjukuu wake alibadilishwa. Swali lake lina jibu zuri, tena limo ndani ya kijitabu chenyewe, kwa kuwa -ić haina jinsia ya mtoto ndani yake. Ni ya udogo tu, na udogo ni wa wote. Warusi hubadilisha jina la ukoo kufuata jinsia, Petrov kwa mwanamume na Petrova kwa mwanamke, lakini Wakroatia hawafanyi hivyo, na binti huandikwa Perković sawasawa na baba yake. Wafuatiliaji wa riadha, ambao huku kwetu hawakosekani, watamkumbuka Sandra Perković, mrushaji wa kisahani aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012 na tena Rio mwaka 2016. Hakuna aliyewahi kumwita mwana wa kiume. Kijitabu kimemtaja katika ukurasa wa watu mashuhuri, kikiwa na picha yake, na bado aliyepanga maandishi ya fremu hakuunganisha mambo hayo mawili.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni nusu ukurasa tu, nayo ingestahili kurasa tatu. Inaorodhesha majina mengine yaliyotokana na Petar yule yule kupitia vifupisho mbalimbali: Petrović kutoka Petar lenyewe, Perić kutoka Pero, Perišić kutoka Periša, na mengineyo. Anayekumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2018, ambapo Ufaransa iliifunga Kroatia mabao 4-2 jijini Moscow, atakumbuka kwamba bao la kwanza la Kroatia, lile la kusawazisha, lilifungwa na Ivan Perišić. Wapenzi wa mpira wa kikapu watamkumbuka Dražen Petrović wa Šibenik, aliyefariki katika ajali ya barabarani nchini Ujerumani mwaka 1993. Mrushaji kisahani, mchezaji wa kandanda na mchezaji wa kikapu, wote watatu wanabeba jina la mvuvi wa Galilaya, kila mmoja kwa kifupisho chake, na hakuna sababu yoyote ya kudhani wana undugu. Kijitabu kingeweza kueleza pia kwa nini Petar lilienea kiasi hicho. Mbali na mtume, Wakroatia walikuwa na wafalme wenye jina hilo katika enzi za kati. Petar Krešimir IV alitawala katika karne ya 11, na hati yake ya mwaka 1066 ndiyo ya kwanza kuutaja mji wa Šibenik. Jina likishakaa kanisani na kwenye kiti cha enzi, halina budi kushuka hadi zizini.

Hali ni hiyo hiyo kwa watakatifu wengine. Ivan, yaani Yohana, alizaa Ivanković na Ivanišević, na Goran Ivanišević ndiye aliyetwaa taji la tenisi la Wimbledon mwaka 2001 akiwa ameingia mashindanoni kwa mwaliko maalumu. Juraj, ambaye kwetu ni Jorji, alizaa Jurić na Jurković. Ambroz alikatwa akawa Broz, na kutoka hapo likaja Brozović la kiungo Marcelo Brozović. Broz lenyewe bila kiambishi lilikuwa jina la Josip Broz Tito, mzaliwa wa kijiji cha Kumrovec aliyeiongoza Yugoslavia. Yapo hata yaliyotokana na majina ya akina mama: Anić kutoka Ana, Katić kutoka Kata, Mandić kutoka Manda, ambalo ni kifupisho cha Magdalena. Mara nyingi majina hayo huhusishwa na nyumba iliyoongozwa na mjane, na mtu aliyekulia kwenye boma la wake wengi, ambako watoto hutambulika kwa nyumba ya mama, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kijitabu kimeyapita yote haya kwa sentensi moja.

Kosa la kwanza la maana limo katika ukurasa wa tano, panapodaiwa kwamba kila jina la Kikroatia linaloishia kwa -ić ni la "mwana wa fulani". Sivyo. Modrić linahusishwa na modar, yaani rangi ya buluu, na Rakitić linatokana na rakita, mti wa jamii ya mierebi. Kovačić ni la kazi ya uhunzi. Kwa upande mwingine Horvat, jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo, halina -ić kabisa na maana yake ni Mkroatia tu, huenda lilipewa watu walipokuwa miongoni mwa wasio Wakroatia. Wala -ić haimtambulishi Mkroatia, kwa kuwa Waserbia, Wabosnia na Wamontenegro wanaitumia vilevile. Wakati mwingine mzizi ndio unaotoa dalili: Ibrahimović ni Ibrahimu pamoja na -ov na -ić, jina la nyumba ya Waislamu wa Bosnia, na mchezaji wa kandanda Zlatan Ibrahimović, aliyezaliwa Malmö, Uswidi, baba yake ni Mbosnia na mama yake ni Mkroatia. Perković mara nyingi utalikuta kwa Wakroatia, lakini huo ni ujuzi wa historia ya familia. Herufi mbili za mwisho hazikuambii kitu kuhusu taifa la mtu.

Kurasa za sita na saba zinasimulia jinsi jina la baba lilivyogeuka jina la ukoo, na hapa mwandishi amejitahidi ingawa ameharakisha. Zamani Mkroatia alikuwa na jina moja. Bamba la Baška, jiwe lililochongwa kwa Kiglagoliti, maandishi ya kale ya Waslavi, kwenye kisiwa cha Krk yapata mwaka 1100, linawataja mashahidi kwa jina likifuatiwa na cheo au mahali: abati fulani, fulani wa Krbava, fulani wa Lika. Kwenye miji ya pwani ya Dalmatia, ambako kulikuwa na wafanyabiashara, mikataba na mirathi, majina ya kurithiwa yalianza kuonekana katika karne ya 12, ndiyo maana majina ya ukoo ya Wakroatia huhesabiwa kuwa ya kale kuliko ya Waslavi wengine wa kusini. Mashambani iliendelea hali ya kawaida: mwana wa Perko aliitwa Perković, na mwanawe, kama baba aliitwa Marko, akaitwa Marković. Kilichosimamisha mzunguko huo ni kalamu ya paroko. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, uliagiza kila parokia iweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na moja ya sababu zake ilikuwa kuzuia ndoa za watu wenye udugu wa karibu. Huwezi kujua nani ni ndugu wa nani ikiwa kila kizazi kina jina jipya. Baadaye, katika karne ya 18, utawala wa Habsburg, nasaba ya Austria, ulilifanya jina la ukoo la kurithiwa kuwa lazima kisheria katika maeneo uliyoyatawala.

Sababu ile ya ndoa ilinigusa, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya nao huuliza ukoo kabla ya kuuliza mahari, ila sisi tulitunza habari hizo vichwani mwa wazee na wao wakazihamishia kwenye daftari. Tena kuganda kwa majina si jambo la karne ya 16 peke yake. Linatendeka hapa tukiona. Baba yake Rais Daniel arap Moi aliitwa Kimoi, na kwa mujibu wa mila arap Moi ilimhusu yeye aliyekuwa mwana wa Kimoi. Leo watoto wake, akiwemo Gideon, wanaitwa Moi, ingawa si wana wa Kimoi bali ni wajukuu. Odinga lilikuwa jina la baba yake Jaramogi, na sasa vitukuu wanalibeba kama jina la familia. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na fomu ya shule vimefanya Kenya kazi ile ile iliyofanywa na vitabu vya ubatizo kule. Kijitabu kina arap katika ukurasa wa tatu na kina Trento katika ukurasa wa sita, na ni hasara kwamba hakikuviunganisha.

Kuanzia ukurasa wa nane ubora unaporomoka. Kichwa cha ukurasa ni "Ukoo Mkuu wa Perković", na chini yake imechorwa ngao yenye mraba mwekundu na mweupe, simba wa dhahabu juu yake, na utepe wenye maneno ya Kilatini. Nilipoitazama kwa makini niliihesabu miraba: ishirini na mitano, kumi na mitatu myekundu na kumi na miwili myeupe. Hiyo ni nembo ya taifa la Kroatia, iliyomo kwenye bendera yao, wanayoiita šahovnica kwa kuwa inafanana na ubao wa sataranji. Duka limechukua nembo ya nchi nzima, likaipandisha simba, likamuuzia mtu mmoja kuwa ni ya kwao. Hata kama ingekuwa ngao halisi, desturi ya Ulaya ni kwamba ngao ilitolewa kwa mtu au nyumba fulani, si kwa kila mwenye jina. Nyumba kubwa za watawala wa Kroatia kama Zrinski na Frankopan zilikuwa na zao. Watu wa kina Perko, kwa jinsi jina lenyewe linavyojieleza, walikuwa watu waliotambuliwa kwa kifupisho cha baba yao, na kutokuwa na ngao hakuwapunguzii kitu.

Ukurasa wa tisa unazidi. Una ramani yenye nyota nyekundu karibu na Šibenik, na maelezo kwamba hapo, katika kijiji kiitwacho Perković, ndipo babu wa Perković wote duniani alipoishi. Kijiji kipo kweli. Ni njiapanda ya reli, mahali ambapo tawi la kwenda Šibenik linaachana na njia ya Knin na Split. Lakini kijiji kuitwa kwa jina la watu kunaonyesha kwamba watu hao waliishi hapo, basi. Mchezaji wa kandanda Luka Modrić alikulia katika kitongoji kiitwacho Modrići karibu na Obrovac, na hakuna anayedai kila Modrić ametoka hapo. Sisi wenyewe tuna Karachuonyo, nchi ya watu wa Rachuonyo, na bado si kila Rachuonyo unayekutana naye Nairobi ni wa huko.

Hili ndilo jambo ambalo huduma nzima imelikosa, na ningependa wateja wengine walielewe kabla ya kulipa. Jina lililotokana na jina la baba huzaliwa mara nyingi, mahali pengi, bila wahusika kujuana. Palipokuwa na Petar palikuwa na Perko, na palipokuwa na Perko aliyezaa palikuwa na uwezekano wa Perković. Mmoja anaweza kuwa wa Dalmatia, mwingine wa nyanda za Slavonia, mwingine wa Herzegovina, na mababu zao hawakuwahi kuonana. Hata ndani ya kijiji kimoja nyumba zenye jina moja zilikuwa nyingi kiasi kwamba watu waliongeza majina ya utani ya familia ili kuzitofautisha, desturi ambayo Dalmatia inaendelea hadi leo. Kwa hiyo jina Perković linakuhakikishia kwamba hapo zamani kulikuwa na mtu aliyeitwa Perko, na kwamba watoto wake walijulikana kwa jina lake. Alikuwa nani, aliishi wapi, alifuga mbuzi au alivua dagaa, hayo hayamo ndani ya jina. Yamo katika vitabu vya parokia vya mahali ambapo familia ya mkwe wetu imetoka, na njia ya kuyapata ni kuanza na babu anayejulikana na kurudi nyuma kizazi kwa kizazi. Duka halikumuuliza mteja swali lolote kuhusu babu huyo. Liliuliza jina, rangi ya fremu na namba ya simu.

Anayefuata njia hiyo ya vitabu atakutana na tatizo ambalo kijitabu kimeligusa kidogo tu, nalo ni tahajia. Waandishi wa vitabu hivyo walikuwa wakiandika kwa Kilatini, Kiitaliano, Kijerumani au Kihungaria kufuatana na mtawala, na jina moja linaweza kuwa Percovich kwa kasisi mmoja na Perkovics kwa mwingine. Herufi ć iliingizwa katika maandishi ya Kikroatia na Ljudevit Gaj, aliyechapisha pendekezo lake la tahajia mjini Buda mwaka 1830; č aliichukua kwa Wacheki na ć kwa Wapolandi. Ndiyo sababu wahamiaji wengi wa Marekani na Chile wanaandika majina yao kwa -ich, kama mwigizaji John Malkovich, ambaye babu zake wa upande wa baba walitoka Kroatia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Istria na mji wa Zadar viliangukia mikononi mwa Italia, na mwaka 1927 serikali ya kifashisti ilieneza huko amri ya kuyapa majina ya Kislavi sura ya Kiitaliano. Mtu anaweza kupoteza -ić yake kwa muhuri wa ofisi bila kuhama nyumbani.

Nalieleza hilo kwa sababu fremu yangu ilipoteza yake kwa uzembe. Kijitabu kimeandika Perković vizuri kuanzia jalada hadi mwisho, lakini fremu, ambayo ndiyo itakayoonwa na wageni, ina Perkovič, yaani yenye kialama cha pembe badala ya mkwaju mmoja ulioinama. Ukisogea karibu unaona kilichotokea: fonti ya mapambo waliyoichagua haina herufi hiyo, kwa hiyo kompyuta imeiazima kutoka fonti nyingine, na č hiyo ni nyembamba na imenyooka pembeni ya herufi nene zilizolala. Nilipiga simu. Kijana aliyepokea alinijibu kwa heshima, "Mama, hiyo ni alama ya mapambo tu, hapa Kisumu hakuna atakayeijua." Nilimjibu, "Mwanangu, mwenye jina ataijua, na ndiye atakayeitundika." Katika Kikroatia č na ć ni herufi mbili tofauti, moja nzito na moja laini. Ni kweli kwamba wakazi wengi wa Zagreb hawazitofautishi wanapozungumza, lakini katika maandishi kuikosea ni sawa na kumwandika Otieno kuwa Otiano na kumwambia mtu ni mapambo. Nisimkosee haki kijana huyo: aliporudi kwa mwenye duka walikubali kuchapa upya bila malipo, na safari hii waliniletea fonti mbili nichague.

Ukurasa wa matamshi ni mfupi na mzuri. Unaeleza kwamba mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza, PER, tofauti na mazoea yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, yanayotufanya wengi tuseme perKOvich. Mkwe wetu alipousoma alicheka akasema sasa atajua nani amefanya mazoezi. Kurasa mbili za mwisho ni matangazo ya duka na sina la kusema juu yake.

Karatasi ni nzito, picha zimetoka safi, na fremu ni ya mbao yenye kioo halisi, jambo ambalo kwa bei hiyo si la kudharau. Kazi ilichelewa kuliko walivyoahidi, lakini waliarifu mapema kwa ujumbe wa simu. Wanatuma vifurushi hadi Kakamega, Kisii na Nakuru kwa magari ya abiria. Kwa fremu yenye kioo ningeshauri mtu aende akaichukue mwenyewe.

Ushauri wangu kwa anayetaka jina la Kikroatia au lolote lililotokana na jina la baba ni huu: achukue kijitabu cha shilingi 2,500, aombe kurasa za nane na tisa ziondolewe na mahali pake paongezwe majina ndugu ya mzizi ule ule, na kama anataka fremu, apeleke yeye mwenyewe maandishi yaliyohakikiwa na mwenye jina, pamoja na kila kialama chake. Nilipopendekeza hivyo mwenye duka aliniambia ngao ndiyo inayouza. Huenda ni kweli. Fremu yetu mpya ina jina, ina ć, na chini yake maneno "Wa Nyumba ya Perko", nayo haikuniongezea gharama yoyote.